Watu 12, siku 14: Aplikesheni ya mfongo yasubiri lango la Play Store

*Kijana wa Uru ametengeneza programu ya kupanga zamu za maji. Kabla haijaingia dukani, watu 12 lazima waijaribu kwa siku 14 zisizokatika. Mwandishi wetu alikuwa mjaribuji namba tisa.*

Na Mwandishi Wetu, Moshi

SAA 12 kasorobo asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba ya Shimbwe Juu, huko Uru, na bibi mmoja amesimama kwenye banio la mfongo. Mkono mmoja ameshika jembe, mkono wa pili kitochi chake cha vitufe. Zamu ya maji leo ni yake, na amewahi.

Wiki iliyotangulia hakuwahi. Alifika saa sita mchana, jua likiwa utosini, akakuta maji yamekwisha kuhamia kwa jirani. Hakuwa amelala. Alisomewa zamu yake kutoka kwenye simu ya mjukuu wa jirani, na simu iliandika 06:00.

"Sasa saa sita si saa sita?" aliuliza. Pale kwenye banio hapakuwa na wa kumjibu.

Aliyepaswa kumjibu ni mtoto wa dada yangu. Ndiye aliyeitengeneza hiyo aplikesheni. Miezi minne alijifungia chumbani kwake Soweto, mjini Moshi, akiandika na kufuta, na katika miezi yote hiyo haikumjia kwamba mtu wa kwao atasoma 06:00 na kuelewa adhuhuri. Kompyuta yake inaanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Amekulia Uru, anajua saa za Kiswahili tangu anaota meno, lakini alipokaa mbele ya kioo alisahau.

Bibi mwenye kitochi ndiye aliyelifichua kosa, kwa gharama ya maji ya zamu nzima. Kazi ya toleo la majaribio ni hiyo hasa. Ila kwenye hesabu inayotakiwa ili aplikesheni iruhusiwe kuingia Play Store, bibi huyu hayumo, maana kitochi chake hakipakui kitu. Mimi ninayekaa mjini, nisiye na mgomba hata mmoja, nimo.

Mhariri aliponipangia makala kuhusu vijana wa Kilimanjaro na aplikesheni zao, nilimwambia nina maslahi. Akasema andika, ila yataje. Nimeyataja.

Kanuni ya Novemba

Tarehe yenyewe ni Novemba 13, 2023. Yeyote aliyefungua akaunti binafsi ya msanidi kwenye Google Play baada ya siku hiyo hawezi kuiweka programu yake dukani moja kwa moja. Kwanza aendeshe majaribio ya kundi maalumu: watu wasiopungua 20, waliokubali wenyewe kuwa wajaribuji, wakae ndani ya majaribio siku 14 mfululizo. Desemba 2024 Google iliwashusha hadi 12. Siku 14 hazikuguswa.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Unalipa Dola 25 za Marekani mara moja tu, Sh60,000 na kitu, unapandisha programu, unasubiri ikaguliwe. Wenye akaunti binafsi za zamani wanaendelea hivyo hadi leo. Kampuni na taasisi zenye akaunti za asasi nazo hazibanwi na sharti la watu 12.

Siku 14 zikitimia, mlango haujifungui. Msanidi anaomba rasmi na kujaza fomu. Uliwapataje wajaribuji? Waliitumia vipi? Walikwambia nini, na wewe ulibadilisha nini baada ya kuambiwa? Kwa kawaida jibu huja ndani ya siku saba, mara nyingine huchelewa. Jibu linaweza kuwa ndiyo. Linaweza pia kuwa rudi ukaendelee kujaribu.

Kwa iPhone utaratibu ni mwingine. Apple hutoza Dola 99 kila mwaka na haidai idadi ya wajaribuji. Anayetaka kujaribu hutumia TestFlight, inayopokea hadi watu 10,000 wa nje, na kila toleo la majaribio hufa baada ya siku 90. Ukaguzi wao una macho ya binadamu, na mwongozo wao haukubali kitu kinachojiita cha majaribio kiwekwe dukani. Lakini kazi hiyo inataka kompyuta ya Mac, na Shimbwe yote niliona iPhone moja, ya mgeni aliyekuja msibani. Tuiache hapo.

Gmail ya fundi simu

Mfongo, kwa msomaji asiye wa huku, ni mfereji wa asili. Wachaga waliichimba mifongo kwa mikono toka mitoni, wakaipitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na hadi leo kila mfongo una kamati yake, zamu zake na faini zake. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua Shimbwe Juu na vihamba vyake kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Urithi au si urithi, kiangazi kikikaza watu wanagombea maji, na daftari la zamu linalokaa kwa katibu huwa halionekani siku ile linapotakiwa.

Aplikesheni ya mpwa wangu si kitu cha ajabu. Inaweka lile daftari kwenye simu. Unaona zamu ya nani, kuanzia saa ngapi, na kengele inalia kabla. Inafanya kazi bila bando na kujisasisha ikikutana na mtandao.

Watu 12 ukiwasikia ni wachache. Kijana alianza na watano wa uhakika: wenzake wawili wa chumbani, dada yake, katibu wa kamati ya mfongo, na bodaboda anayempandisha Uru. Waliobaki ilibidi watafutwe mlimani.

Mjaribuji haandikwi kwa namba ya simu. Anaandikwa kwa anwani ya barua pepe iliyofungulia simu yake, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Jumapili moja, baada ya misa ya pili, tulisimama nje ya kanisa, kijana na daftari, mimi na simu yangu ya mfano. Watu walitoa simu zao kwa moyo mweupe. Wengi hawakujua kama wana Gmail. Wanayo, maana bila akaunti ya Google, Play Store haifunguki, ila walifunguliwa na fundi simu siku simu iliponunuliwa, na fundi aliandika jina alilolitaka yeye. Nywila alibaki nayo kichwani, au aliitupa.

Mzee mmoja wa kamati tulipoingia kwenye mipangilio ya simu yake tulikuta anaitwa kwa jina la msanii wa Bongo Fleva, likifuatiwa na tarakimu nne. Alicheka hadi akakaa chini kwenye ngazi za kanisa. "Meku, kumbe na wewe unaimba," wakamtania. Ndivyo alivyoingia kwenye orodha, kwa jina hilohilo. Ni mjaribuji namba saba.

> Kijana anasema anayeanza na watu 12 kamili anajitafutia balaa.

Ukishaandikwa unatumiwa kiungo, unakibonyeza, unakubali kuwa mjaribuji, ndipo duka linakuonyesha programu. Kila hatua inataka bando na mtandao, na kule bondeni mtandao unapatikana ukisimama kwenye kona ya barabara. Mlima huu una vituko. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayepanda kuelekea kilele cha Uhuru anaweza kuwatumia wa kwao picha akiwa njiani. Aliye chini kwenye migomba anatafuta kona.

Siku ya sita hesabu ikaporomoka. Tulikuwa 12 kamili. Bodaboda aliona maneno ya Kiingereza yanayosema yumo kwenye majaribio, akahisi anakatwa salio, akabonyeza kujitoa. Tukabaki 11. Kwa kuwa siku zinatakiwa zisikatike, zile sita zikaenda na maji.

Hakuna aliyemlaumu. Amewahi kukatwa salio kwa huduma ambazo hakuziomba, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilichojiuliza ni kwa nini maneno yale hayakuwa ya Kiswahili. Kisha nikafungua simu yangu mwenyewe nikaona nayo nimeiweka Kiingereza, kama wengi wetu.

Tangu siku hiyo kijana anatembea na watu 15, watatu wakiwa akiba.

Nijaribie nikujaribie

Njia ya mkato ipo, na haifichwi. Telegram na Facebook kuna makundi ya wasanidi wasiojuana, mmoja yuko Moshi, mwingine Manila. Kila mmoja anajiandikisha kwenye majaribio ya mwenzake, anapakua, anaiacha siku 14, anafuta. Wapo pia wanaouza huduma hiyo: unalipa, unapewa anwani za kutosha pamoja na ahadi kwamba hakuna atakayejitoa.

Kijana alialikwa kwenye makundi hayo mara tatu ndani ya wiki moja, na wiki ile bodaboda alipojitoa nilimwona akisoma ule ujumbe kwa muda mrefu kidogo. Sikumuuliza. Angelipa, zisingekuwepo safari za Uru wala za kanisani.

Lakini mtu wa Manila akiona 06:00 anaona asubuhi. Programu ingepita siku 14 safi, bila lalamiko hata moja, ikaingia dukani, na bibi angeendelea kufika banioni adhuhuri. Kanuni inajikwaa hapo. Inahesabu anwani na siku, haina jinsi ya kujua nani ameshika jembe. Google huuliza kama wajaribuji waliitumia programu kweli, na humrudisha ambaye watu wake hawakuigusa. Swali ni zuri, ila linajibiwa kwa maneno, na maneno hupikwa.

Kausha damu

Nilipoanza kazi hii nilikuwa upande wa mpwa wangu moja kwa moja. Aliyenirudisha nyuma ni mama mmoja muuza ndizi wa mjini, ambaye siku hizi hakopi kwa simu hata umwahidi riba sifuri.

Alikopa kwenye aplikesheni fulani, zile watu wanazoziita kausha damu. Akachelewa siku mbili. Siku ya tatu watu waliomo kwenye simu yake wakaanza kupokea ujumbe kwamba ni tapeli anayekimbia deni. Mkwewe aliupata. Padre wa parokia aliupata. Deni alilimaliza wiki hiyohiyo. Kwa mkwewe hakwenda hadi Pasaka ilipopita.

Siku alipopakua programu hiyo aliulizwa kama inaruhusiwa kusoma majina ya watu kwenye simu yake, akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza sote.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, ikaonya umma. Kenya ilitangulia, ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na baadaye Google ikaanza kudai leseni kwa aplikesheni za mikopo za huko. Mwishoni mwa Mei 2023 kampuni hiyo ilizipiga marufuku aplikesheni za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina na picha za mteja.

Kwa takwimu za Google yenyewe, mwaka 2024 pekee ilizuia aplikesheni milioni 2.36 zilizokiuka sera zake zisifike dukani, na kufungia akaunti zaidi ya 158,000 za wasanidi wabaya. Ukiziangalia tarakimu hizo kwa jicho la yule mama, lango halionekani kuwa la kikatili. Mtu anayefungua akaunti kumi usiku mmoja, kila moja na programu ya wizi, siku 14 zinamchosha.

Au zinamchosha kidogo tu. Tapeli ana hela ya kununua wajaribuji. Kijana wa Uru hana.

> Tapeli ana hela ya kununua wajaribuji. Kijana wa Uru hana.

Moshi si mgeni wa lango la ubora. Kahawa ya mlima huu haijapata kwenda mnadani bila kupimwa: inakobolewa, inapangwa madaraja ya AA, A, B na mengine, sampuli inakaangwa, na mwonjaji anaivuta kwa kijiko kwa kelele, anaitema, anatamka. Tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa 1933, mkulima anakubali hukumu hiyo hata ikimuuma, kwa sababu mwonjaji anaijua kahawa. Hakuna aliyewahi kumwambia mkulima alete wanywaji 12 wainywe siku 14. Na aliyesomea kuonja kahawa akipewa mbege, pombe ya ndizi, aitolee hukumu, nadhani atasitasita.

Mkaguzi asiye na laini ya huku

Baada ya siku 14 kuna mambo mawili yanayozikwamisha programu za huku kwetu, na yote tumeyaona karibu.

La kwanza ni namba ya siri ya mara moja, ile inayokuja kwa ujumbe mfupi. Watu wetu hawakumbuki barua pepe zao, kwa hiyo programu nyingi za Kitanzania zinamwingiza mtu kwa namba ya simu: unaandika namba, unatumiwa tarakimu, unaingia. Mkaguzi aliyeko ng'ambo hana laini inayoanza na 255. Anafika mlangoni, anasubiri ujumbe usiokuja, anaandika kwamba ameshindwa kuingia. Masharti yanataka msanidi aache akaunti ya mfano inayofunguka kutoka popote na wakati wowote, bila kusubiri ujumbe. Kifungu hicho kimo kwenye fomu, kifupi, na ni rahisi kukiruka. Kijana alikiruka mara ya kwanza alipokuwa akijaza rasimu. Akakishtukia usiku, akarudi.

La pili ni kengele. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hapa huua programu iliyolala ili kutunza chaji. Katibu wa kamati aliweka kengele ya saa 11 alfajiri, simu ikanyamaza kama jiwe, zamu ikapita. Dawa yake ni kuiomba Android ruhusa ya kengele ya wakati kamili. Lakini Google Play inatoa ruhusa hiyo kwa kubana: ni ya programu ambazo kazi yake kuu ni saa, kengele au kalenda.

Je, zamu za mfongo ni kalenda? Nilimuuliza mzee namba saba. Alinitazama kama nimemuuliza kama mvua ni maji. Kwake hakuna kalenda nyingine inayozidi hiyo. Kijana ameandika aya tatu za Kiingereza kumweleza mkaguzi jambo hilo. Nimezisoma, zimenyooka. Hata hivyo zinaomba mtu ambaye hajawahi kuona mfongo aamini kwamba saa moja ya maji ina mwenyewe.

Na kuna sera ya faragha. Programu inashika majina na namba za simu za wana-mfongo, kwa hiyo duka linataka ukurasa wa wazi unaoeleza zinakwenda wapi. Hata bila duka, sheria ya nchi inataka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, Tume yake ikazinduliwa Aprili 3, 2024, na anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili huko. Vijana wengi niliozungumza nao wanaijua kanuni ya Google kwa moyo na hawajawahi kuisikia Tume. Hilo nalihesabu kuwa kosa letu waandishi pia.

Milango ya pembeni

Kwa nini asiitume tu kwa WhatsApp? Swali hilo niliulizwa na kila mtu. Faili la programu linarushwa kwenye kundi la mfongo, watu wanalibonyeza, linakaa. Ndivyo toleo la kwanza kabisa lilivyosambaa.

Mlango huo unaanza kuegeshwa. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa zitakataa programu ambayo msanidi wake hakujitambulisha, hata kama haikutoka dukani. Utaratibu unaanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha kwingineko kuanzia 2027. Kampuni iliahidi njia nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, watakaoweza kugawa programu kwenye simu chache. Chache ngapi ndiyo habari kwa mfongo wenye kaya nyingi.

Njia nyingine ni kuacha kuwa mtu binafsi. Ukisajili kampuni BRELA na kupata namba ya D-U-N-S, ile ya tarakimu tisa inayotambulisha biashara duniani, unafungua akaunti ya asasi na sharti la watu 12 halikuhusu. Ndiyo maana programu kama Nuru, inayochunguza majani ya muhogo kwa kamera na kumweleza mkulima ugonjwa kwa Kiswahili bila intaneti, haiko kwenye foleni hii. Nyuma yake wapo PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya utafiti ya IITA. Ilijaribiwa mashambani na watu wenye mihogo, kwa sababu walikuwepo wa kulipia safari za mashambani.

Kijana wa miaka 22 kusajili kampuni ili kupanga zamu za maji ni kununua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Ninachokiona kinawezekana, hapahapa Moshi, ni ushirika. Mji huu una Chuo Kikuu cha Ushirika, una vyama vya msingi vya kahawa, una wanawake wa Nronga kule Machame wanaouza maziwa yao kwa ushirika tangu 1988. Kupata watu 12 wanaojua kahawa, maziwa au maji, wenye simu janja, na wanaojua Gmail zao, hakupaswi kuwa jambo la kijana mmoja kusimama nje ya kanisa. Chuo kikiwa na akaunti ya asasi, programu ya mwanafunzi inaweza kupita kwa jina la chuo, na mwalimu akawajibika nayo. Chama cha msingi kikiwa na orodha ya wajaribuji 20 walio tayari, kitapata programu zinazokihusu badala ya zile za kubahatisha kutoka Manila.

Google nao nawaambia jambo moja. Fomu yao ingeongeza swali: ni nani aliyeigusa programu yako bila kuwa na simu janja? Bibi wa Shimbwe angepata pa kuandikwa.

Toleo linalojaribiwa sasa ni la nne. Halina tena 06:00. Limeandika "saa 12 asubuhi", na pembeni kuna picha ndogo ya jua linalochomoza, kwa ombi la bibi, ili asiyejua kusoma naye aone. Kitufe kilichoandikwa "Wasilisha" sasa kinasema "Tuma", kwa ombi la kila mtu.

Jana, Ijumaa, ilikuwa siku ya 11. Asipojitoa mtu, siku 14 zinatimia Jumatatu na maombi yatatumwa Jumanne. Wajaribuji ni 15. Bodaboda amerudi kwenye orodha, ndiye wa mwisho kuandikwa.